Mnatuhesabia Kuni, Umeme Mnaupitisha Juu ya Paa

Tumeambiwa kwamba sisi ni wafujaji. Waliotuambia walitumia lugha ya heshima: nchi kama Uganda hutumia nishati nyingi mno kwa kila shilingi ya pato inayozalisha, kwa hiyo kufikia mwaka 2030 inapaswa kuzalisha zaidi kwa nishati kidogo. Hilo limo katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, lengo la 7, pale dunia ilipojipangia kuongeza maradufu kasi ya kupunguza nishati inayotumika kwa kila kipande cha pato. Kipimo chenyewe si kigumu. Unachukua nishati yote iliyotumika nchini kwa mwaka, unaigawa kwa Pato la Taifa, basi. Dunia kwa wastani hutumia kati ya megajuli 4 na 5 kwa kila dola. Sisi tuko juu ya hapo, na ndugu zetu wa Kongo tunaoonana nao kila siku kwenye daraja la Mpondwe wako juu zaidi yetu. Waingereza na Waswisi wako chini sana.

Sisi tunaosema hapa ni wa Kilembe, wa Kasese mjini na wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Tumo wakulima wa kahawa, wachomeleaji vyuma, mama wanaouza maharage ya kupikwa kando ya barabara, vijana wa boda, na wazee wachache waliobaki kati ya wale walioshuka chini ya ardhi enzi za mgodi wa shaba. Wengi wetu hatukusomea uchumi, lakini kugawanya tunajua, na tunajua pia kwamba kabla ya kugawanya ni lazima uulize kilichowekwa juu ya mstari na kilichowekwa chini.

Tukianza na cha juu, karibu asilimia 90 ya nishati inayotumika Uganda ni kuni, mkaa na mabaki ya mimea. Umeme ni kama asilimia 2 tu. Kinachobaki ni petroli, dizeli na mafuta mengine yanayoingia kwa malori. Maana yake, anayesema Uganda inatumia nishati kupita kiasi hasemi juu ya viwanda, wala taa za Kampala, wala magari ya wakubwa. Anasema juu ya moto wa kupikia, moto wa mama zetu na wake zetu.

Siku moja katika kikao cha mtaa huku Kilembe, afisa mmoja alitusomea takwimu hizo. Mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, akanyanyuka akauliza: "Mheshimiwa, huo moto wa mama watoto wangu mmeupima kwa mizani gani?" Afisa akajibu kwa upole, "Ni makadirio, mzee wangu." Mzee akaketi. Lile jibu halijatutoka mpaka leo. Umeme una mita na petroli ina risiti, lakini sehemu kubwa kuliko zote ya nishati ya nchi hii hukadiriwa kwa kuuliza baadhi ya kaya zinachoma kiasi gani, kisha jibu linazidishwa kwa watu wote.

Basi tufanye hesabu yetu wenyewe, kwenye jiko la mafiga matatu, kwa kuni za siku moja. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la kama megajuli 16, sawa na uniti 4 za umeme na kitu juu yake. Mama mwenye watoto wanne au watano akichoma kilo 5 kwa siku, hajafanya anasa yoyote: chai ya asubuhi, maharage, bundu (ugali wetu) la jioni, maji ya kuoga ya mtoto mchanga. Katika kitabu cha takwimu tayari ametumia zaidi ya uniti 20 kwa siku moja. Kwa mwaka zinafika uniti 8,000. Nyumba ya wastani ya Ujerumani hutumia umeme wa kama uniti 3,000 kwa mwaka, ukiacha gesi yao ya kupashia joto. Kwa hiyo kwenye karatasi, jiko la mafiga huko kwetu Bunyandiko linaonekana kumeza kuliko friji, televisheni, mashine ya kufulia na taa zote za nyumba ya Mzungu.

Lakini chungu kimepata nini? Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Kati ya zile uniti 20, mbili au tatu ndizo zilizoivisha chakula. Nyingine zimepanda na moshi, zimepasha ukuta, zimeingia machoni. Na hapo tumekadiria kuni kavu. Aprili na Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Novemba, mvua ya Rwenzori haina mchezo, na kuni ni mikaratusi iliyokatwa juzi. Ukiisukuma ndani inatoa povu kwenye ncha, inalia, na inabidi uinamie kupuliza mpaka kichwa kiume. Maharage makavu yanakaa motoni saa mbili, tatu. Anayepuliza huo moto ndiye anayeandikwa kuwa mtumiaji mkubwa wa nishati, na joto lenyewe hajalipata.

Wapo watakaosema watu wa mjini wametoka kwenye kuni, wanatumia sigiri na mkaa. Sigiri ni nzuri kidogo kuliko mafiga, hilo tunakubali. Tatizo ni huko nyuma, kwenye tanuri la udongo porini, ambako kilo 6 mpaka 10 za mti huchomwa kupata kilo moja ya mkaa. Tajiri wa Kasese mjini anayeokea mchomo wake kwenye makaa masafi yasiyotoa moshi anakula msitu kuliko bibi wa kijijini mwenye macho mekundu. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini na mashariki mwa nchi, kwa Waacholi, Walango, Wateso na West Nile, kwa sababu miti ilikuwa inaisha. Tuliwahurumia wenzetu kwa miti yao, lakini tulijiuliza: Kampala iliyokuwa inakula mkaa ule imepewa nini badala yake? Ukikataza mkaa bila kubadili jiko la anayeununua, gunia litatafuta njia nyingine ya kufika mjini, na bei yake itapanda.

Na sisi huku tumebanwa pande mbili. Juu yetu kuna Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 1994. Chini yetu kuna Hifadhi ya Queen Elizabeth, yenye tembo, nyati na askari wa wanyama. Hatusemi hifadhi zivunjwe. Bila ule msitu wa juu maji yangetumaliza zaidi ya yanavyotumaliza sasa. Tunasema tu kwamba kati ya tembo na mlima ndipo wilaya nzima inapotafuta kuni, na anayezitafuta ni msichana aliyetoka shule saa kumi. Saa za mama yake jikoni haziingii chini ya mstari wa hesabu, kwa maana kupika na kulea nyumbani hakuhesabiwi katika Pato la Taifa. Moto wake unaingia juu ya mstari, jasho lake chini haliingii. Ndiyo maana tunasema hesabu hii inatuonea.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo manung'uniko yetu yanapochemka.

Mito inayoshuka Rwenzori imefungwa mitambo kila mahali. Mubuku wa kwanza, megawati 5, ulijengwa na mgodi wa Kilembe miaka ya 1950. Bugoye, megawati 13, ulianza 2009. Mubuku wa tatu, kama megawati 10, ulijengwa na kampuni ya kobalti ya Kasese. Mto Nyamwamba una mitambo miwili, mmoja wa megawati 9.2 na mwingine wa 7.8. Na huku kwetu Bwera, kwenye mto wa Lubilia unaotutenga na Kongo, kuna mtambo wa megawati 5.4 uliokamilika 2018. Jumlisha: ni kama megawati 50 kutoka kwenye maji ya mlima mmoja. Nyaya zinapita juu ya mashamba yetu ya kahawa, zinakutana kwenye kituo cha Nkenda, kisha zinaondoka kwenda Mbarara na Fort Portal. Chini ya nyaya hizo, mwanamke anapita na mzigo wa kuni kichwani. Hatujaibuni picha hiyo. Yeyote anayepanda kwenda Bugoye ataiona kabla hajashuka kwenye boda.

Isidhaniwe kwamba nchi haina umeme wa kutosha. Karuma, megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024, na mitambo yote ya Uganda kwa pamoja imepita megawati 2,000, wakati mahitaji ya saa za jioni ni kama nusu ya hizo. Kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikilipia umeme uliozalishwa bila kupata mtumiaji, kwa sababu mikataba na wenye mabwawa inataka hivyo. Mganda mmoja kwa wastani hutumia kama uniti 100 kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni zaidi ya 3,000. Ufujaji uko wapi hapo? Nchi inalipia umeme isioutumia, na inatumia kuni ambazo nguvu yake haifiki kwenye sufuria.

Mtauliza kwa nini hatupikii umeme. Wengine hatuna waya. Sera ya 2018 ya kuunganisha watu bure ilileta matumaini. Tulijiandikisha, tulisubiri, kisha fedha zikaisha na mpango ukasimama. Lakini hata wenye waya hawapikii, na sababu imeandikwa kwenye bei yenyewe. Tuchukue bei za Aprili 2025, wakati usambazaji ulipotoka mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme na kurudi kwa kampuni ya Serikali, UEDCL. Uniti 15 za kwanza kwa mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja, bei ya kumsaidia maskini. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80 ilikuwa shilingi 756. Halafu kuanzia ya 81 mpaka ya 150 ilishuka tena kuwa 412, na hiyo iliitwa bei ya kupikia.

Tafadhali isome tena hiyo. Kwa mpangilio huo, ili upate bei ya kupikia, kwanza umalize uniti 80. Zidisha mwenyewe: 15 kwa 250, kisha 65 kwa 756, unakaribia shilingi 53,000 kabla ya kodi ya VAT, na hapo ndipo mlango wa bei nafuu unapofunguliwa. Ni nani huyo anayemaliza uniti 80 kwa mwezi kabla hajabandika sufuria? Ni mwenye friji, pasi, hita ya maji na televisheni mbili. Yule mama wa taa tatu na simu moja ya kuchaji hatumii hata 20. Ile bei iliyotengenezwa ili aache kuni hataiona maisha yake yote. Na inauma zaidi kwa sababu jiko la presha la umeme linaivisha chungu cha maharage kwa chini ya uniti moja. Uniti moja kwa chungu, mbele ya zile 20 za kuni za siku nzima! Hata kwa shilingi 756 ni bei ya kubishana nayo, na kwa 412 au 250 hakuna ubishi, mkaa umeshindwa. Kilichobaki ni hilo jiko lenyewe, ambalo bei yake ni mavuno ya kahawa ya mtu mdogo, na umeme usiokatika katikati ya maharage. Sisi wenyewe tumeshakaa na maharage nusu mabichi, taa imekwenda, tukawasha sigiri kumalizia. Ukifanyiwa hivyo mara mbili hukopi tena pesa ya jiko.

Wilaya hii haikukosa nia. Mwaka 2012 Kasese, pamoja na shirika la WWF, ilijitangazia kwamba kufikia 2020 kila kaya iwe imepata nishati safi. Tulifurahi. Paneli za jua zilikuja, majiko sanifu yalikuja, biogesi kwa wachache wenye ng'ombe. Mishumaa na taa za mafuta ya taa zilipungua sana, na hilo ni jambo kubwa kwa mtoto anayesoma usiku. Lakini taa ni kijiko tu cha nishati ya nyumba. Pipa ni jiko, na jiko halikuguswa vya kutosha. Mwaka 2020 ukafika, na badala ya nishati safi ukaja mto.

Tutaurudia mto. Kwanza mgodi.

Wazee wetu wanakumbuka wakati Kilembe ilipotumia nishati nyingi na hakuna aliyelalamika. Kampuni kutoka Kanada ilifungua mgodi, reli ikafika Kasese 1956, na mwaka huohuo shaba ikaanza kutoka. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilikuwa limezinduliwa 1954, na moja ya sababu za kujenga bwawa lile ilikuwa kulisha viwanda, tanuri la kuyeyushia shaba yetu likiwemo. Mawe yalisagwa hapa bondeni, shaba ikachujwa, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikavuka nchi nzima hadi Jinja. Miaka ya 1960 shaba ilikuwa bidhaa ya tatu ya Uganda kuuzwa nje, baada ya kahawa na pamba. Kufikia mwisho, tani kama milioni 16 za mawe zilikuwa zimetolewa ndani ya mlima huu.

Kusaga mwamba ni kula nguvu. Kuyeyusha shaba ni kula nguvu zaidi. Mtu wa takwimu angekuja wakati ule angeandika kwamba Kilembe ni mlafi. Lakini ulafi ule ulilipa mishahara, ulijenga hospitali, shule, viwanja vya mpira na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwenye kingo za Nyamwamba, ambazo baadhi zinakaliwa mpaka sasa. Uniti ya umeme ilipoingia mgodini ilitoka na kitu. Ndiyo tofauti tunayotaka watu wa hesabu waione: kuna nishati inayobadilika kuwa mali, na kuna nishati inayobadilika kuwa moshi tu, na kipimo chao kinazitupa zote kapu moja.

Na faida kubwa ya shaba ile ilibaki wapi? Jinja ilitoa shaba ghafi, iliyokuwa bado haijasafishwa mpaka mwisho. Kazi nzito, ya moto na ya moshi, ilifanyika Uganda, kwa bwawa la Uganda. Kisha shaba ikaenda Mombasa kupakiwa melini, ikasafishwa na kuvutwa nyaya ng'ambo, ikawekwa ndani ya mashine, na mashine ikauzwa kwa bei inayozidi ile ya shaba mara nyingi. Nchi iliyotengeneza mashine ikaandika pato kubwa kwa nishati ndogo. Sisi tukaandika nishati kubwa kwa pato dogo. Sehemu ya umahiri unaosifiwa wa nchi tajiri ni hiyo: sehemu ya vyuma vyao, saruji yao na mbolea yao huchomwa kwa wengine. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe Septemba 2024, na ni habari njema kwa hewa ya dunia, lakini vyuma wanavyovitumia bado vinayeyushwa mahali fulani, na huyo anayeviyeyusha ndiye anayeambiwa ajirekebishe.

Hali hiyohiyo inatusubiri kwenye mafuta. Bomba la kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yetu huganda kama nta, lazima bomba lipashwe moto njia nzima. Moto huo utaandikwa Uganda na Tanzania, lakini gari litakalotembea kwa mafuta hayo litakuwa Ulaya au Asia.

Miaka ya 1970 mgodi ulichukuliwa na Serikali ya Amin, vipuri vikaadimika, na kufikia 1982 uchimbaji ulikuwa umesimama. Ikabaki rundo la mabaki. Kutoka kwenye mabaki hayo kampuni ya kobalti ilizalisha kuanzia 1999 kwa umeme wa Mubuku, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 nayo ikafunga, na umeme wake ukaingizwa kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa Tibet Hima, kampuni ya Kichina, pamoja na mtambo wa Mubuku wa kwanza. Mwaka 2017 Serikali ilivunja mkataba huo ikisema masharti hayakutimizwa. Miaka yote hiyo maji yameendelea kuzungusha mitambo na umeme umeendelea kuondoka. Kilichokosekana ni kazi ya kuufanya umeme huo uzae pesa hapahapa.

Kuhusu mto. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika. Mei 2014 ulifurika tena. Mei 2020 ulishuka na mawe makubwa kama magari, ukaingia Hospitali ya Kilembe, ukabeba nyumba, madaraja, na makaburi. Mabaki ya shaba yaliyorundikwa kingoni tangu enzi za mgodi yanaliwa na maji kila msimu na kupelekwa chini, kwenye mashamba na visima. Na barafu ya mlima, ile aliyoipanda Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, mwaka 1906, imebaki vipande. Sisi tunaotumia umeme kidogo tu, tusio na magari, tunalipa kwa nyumba zetu joto lililowashwa na wengine. Halafu tunaketishwa kwenye benchi tufundishwe kutumia nishati vizuri. Ni vigumu kulisikiliza somo hilo ukiwa bado unadaiwa mabati uliyoyakopa baada ya mafuriko.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa pili wa mlima huuhuu, kuna mji wa Mutwanga. Kongo ina vita, ina mabarabara mabovu, ina shida ambazo hatumwombei mtu. Hata hivyo pale Mutwanga Hifadhi ya Virunga ilijenga mtambo mdogo wa maji, na karibu yake kikaja kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima, kisha cha chokoleti kinachotumia kakao yao. Umeme uliozaliwa pale ukapata kazi palepale. Wafanyabiashara wetu wa Bwera wanaovuka kwenda huko wanatusimulia, nasi tunauliza: kahawa ya arabika inayotoka Kyarumba na Kyondo, kwa nini ikobolewe kwa mashine ya dizeli, au itumwe mbichi, wakati nyaya zinapita juu yake? Maganda ya kahawa yanafaa, tumeyaona yanachomwa kwenye tanuri la saruji la Hima badala ya mafuta mazito yaliyokuwa yakiagizwa kutoka nje. Ikiwa ganda letu linaweza kuchoma saruji, nyaya hizo haziwezi kushindwa kukaanga kahawa.

Kuna jambo moja tena kuhusu kilicho chini ya mstari. Mwaka 2019 Uganda ilipanga upya hesabu za Pato la Taifa kwa kutumia mwaka wa msingi wa 2016/17, na uchumi ukaonekana mkubwa kuliko ulivyodhaniwa. Kazi hiyo ilikuwa halali, ya kitaalamu, na kila nchi huifanya. Lakini siku ile nchi nzima ilionekana kutumia nishati vizuri zaidi, na hakuna hata kuni moja iliyopungua Kilembe. Simu zikiuzwa zaidi Kampala na benki zikipata faida, kipimo kitashuka na watu watapongezana hotelini, na huku mama atakuwa bado anapuliza mkaratusi mbichi. Tunaogopa pongezi hizo kuliko tunavyoogopa lawama, kwa sababu zikitolewa hakuna atakayeangalia tena jikoni.

Sasa Serikali imeingia mkataba mpya wa Kilembe na kundi linaloongozwa na kampuni ya Sarrai. Dunia inataka shaba kwa magari ya umeme na nyaya za mitambo ya jua, hivyo safari hii huenda mgodi ukafufuka kweli. Tunaomba umma uambiwe mapema mgodi utatumia megawati ngapi, kwa bei gani, shaba itasafishwa mpaka hatua gani hapa nchini, na vijiji vya bonde la Nyamwamba vitaunganishwa lini. Mgodi ukipewa uniti kwa bei ya chini kuliko ya mama muuza maharage, kama viwanda vikubwa vinavyopewa siku zote, basi tuonyeshwe kwa mishahara na kodi kwa nini inastahili. Mabaki ya zamani kingoni mwa mto yaondolewe kabla mapya hayajaongezwa.

Na kuhusu jiko, ombi letu halihitaji bwawa jipya wala mkutano wa kimataifa. Bei ya kupikia ianze kwenye uniti ya 16, mara tu baada ya zile za msaada, na majiko ya presha yakopeshwe kupitia vyama vya ushirika, yakatwe kidogokidogo kwenye malipo ya kahawa, kama tulivyowahi kukopeshwa mbegu na pampu. Umeme wa kufanya hivyo upo, umeshalipiwa, na sehemu yake inazaliwa kwenye mito yetu. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme itakapotangaza bei nyingine, sisi huku tutasoma mstari mmoja tu wa tangazo lile: bei ya kupikia inaanzia uniti ya ngapi.